Mbinya wa Saa ya Mauzo

Mbinya alianza kazi kwa kusoma matangazo ya vifo redioni, na watu wa Kitui walisema hata msiba ukisomwa na yeye ulipata heshima. Sauti hiyo ndiyo iliyompeleka kwenye runinga. Kwa miaka mingi alisoma habari kwa Kikamba, akisalimiwa sokoni na watu asiowajua. Kisha kituo kikaleta wasichana wapya, naye mkubwa wake, Muindi, akamhamishia kipindi cha Saa ya Mauzo.

Mwanzoni haikuwa mbaya. Aliuza sufuria, taa za sola, magodoro. Alikuwa na kipaji: akishika kitu mkononi, mtazamaji alijiona tayari anakitumia. Ndipo ukaja unga wa mizizi, uliosemekana kuponya ugonjwa wa sukari. Mbinya aliuliza kama kuna daktari aliyeupima. Muindi akamjibu kwamba kazi yake ni kuongea, si kupima, na wanaokitaka kiti chake ni wengi. Mbinya akaketi mbele ya kamera, akausifu.

Haikupita muda dada yake, Ndunge, akapiga simu kutoka Kyuso. Mama yao alikuwa ameacha dawa za kliniki. Alikuwa anakoroga unga asubuhi na jioni, na kidonda cha mguuni kilikuwa kimeanza kunuka.

Mbinya akampigia mama papo hapo. Akamsihi, akamwambia unga ule si dawa, akamwambia hata yeye hajui umetoka wapi. Mama alisikiliza hadi mwisho.

“Kwa TV ulikuwa umevaa vizuri, unaongea umetulia,” akasema. “Sasa unalia kwa simu. Mimi niamini Mbinya gani?”

Wakamtuma mchungaji. Mama akamwambia kwamba binti yake hakulelewa kudanganya watu mbele ya nchi nzima. Ndunge akaleta gari. Mama akakataa kuingia. Harufu ya kidonda ikafika hadi uani.

Mbinya hakulala wala hakula. Akaona kwamba kuna mtu mmoja tu ambaye mama angemsikia, na mtu huyo alikaa ndani ya runinga. Kipindi kilipoanza, alivaa vizuri, akatulia, akashika kopo la unga kama kawaida.

“Mwaitu, mama yangu, ni mimi,” akasema kwa Kikamba. “Unga huu haujaponya mtu. Nilidanganya. Rudi kliniki leo. Na nyinyi wengine, msiache dawa zenu.”

Picha ikakatwa, ukawekwa wimbo wa injili. Muindi hakupaza sauti. Alimfungulia mlango tu, akamtazama akitoka.

Mama alikuwa amesikia. Ndunge alisimulia kwamba aliomba leso na viatu. Lakini walikuwa wamechelewa. Hospitalini Mwingi madaktari wakamkata mguu chini ya goti.

Mbinya alipofika, mama aligeukia ukuta.

“Si mguu unaoniuma,” mama akasema baadaye. “Majirani walikuwa wanakuja kwangu kukuangalia. Mimi ndiye niliwaambia wanunue. Niliwaambia, huyo ni mtoto wangu.”

Mbinya alitoka wodini, akapanda gari la Kyuso, akaanza kupita nyumba kwa nyumba. Mzee Mutiso alimshukuru, akaumwaga unga wake nje mbele yake. Wengine walimkaribisha chai, wakazungumzia mvua, naye hakujua kama wamemsadiki.

Kaveke, rafiki wa mama tangu ujana, alimsikiliza akiwa amesimama mlangoni, miguu yake imevimba. Hakukasirika. Alimweleza Mbinya, kwa upole, kama mtu anayemfundisha mtoto, kwamba mama alikatwa mguu kwa sababu aliacha unga akarudi kwa madaktari. Mbinya akamshika mikono, akamwomba, akapiga magoti pale mavumbini.

Ndani, runinga ilikuwa imewashwa. Msichana mpya alikuwa anatabasamu, kopo mkononi, karibu ataje namba ya kuagizia. Kaveke akaomba radhi, akafunga mlango ili asikie vizuri.