Sikio la Jikoni kwa Mama Tala

Rihab alikuwa akikaanga biringanya siku sikio lilipochipua. Mafuta yaliruka, akachukua kitambaa kufuta ukuta kati ya friji na dirisha, mkono ukagusa kitu laini. Akainama kutazama. Lilikuwa sikio la kulia, dogo kama la mtoto mchanga, jekundu kidogo kwa sababu ya joto la jiko. Akalifuta nalo, kisha akarudi kugeuza biringanya kabla hazijaungua.

Mwisho wa juma lilikuwa limefikia ukubwa wa kisahani cha kahawa. Mumewe, Nimr, alitoka zamu ya usiku kiwandani, akasimama mlangoni na viatu mkononi, akaliangalia.

"Na sisi tumepata," akasema, akaenda kuoga.

Majirani wengi pale mjini Dearborn walikuwa wamekwisha kupata. La Wadad, wa nyumba ya ng'ambo ya barabara, lilikuwa kwenye korido. Mwenye duka la dawa alikuwa nalo nyuma ya mizani. Msikiti ulikuwa na mawili, moja upande wa wanawake. Bibi wa Kipolandi aliyekaa mwisho wa mtaa hakupata. Alikuja kuwaona akiwa na keki, akakaa kidogo na kutoa pole, kama mtu anayemtembelea mgonjwa.

Mkutano uliitishwa kwenye ukumbi wa jamii. Afisa kutoka serikalini alikuja na suti nzuri na boksi la maandazi matamu. Alieleza kwamba sheria iliyoleta masikio ilipitishwa baada ya ile minara miwili kushambuliwa na kuanguka, kwamba nchi ina mambo mawili ya kupima, usalama na uhuru, akanyoosha mikono yote miwili kuonyesha mizani. Mkono mmoja ulikaa chini kuliko mwingine, lakini huenda bega lilikuwa likimuuma.

Rihab alinyoosha mkono. "Langu liko jikoni. Mvuke wa sufuria unalipata. Linaweza kuhamishiwa sebuleni?"

"Linakaa lilipochipua, mama. Msilipake rangi, msilifunike, msiweke redio karibu nalo."

"Na likiugua?"

Afisa aliliandika swali hilo.

Wadad alisimama. "Mimi langu halinisumbui. Mwanangu yuko jeshini, yuko kule jangwani sasa hivi amevaa sare yenu. Mtu asiye na la kuficha, sikio litamfanya nini? Bora wasikie kuliko tulipuliwe tena."

Hakuna aliyembishia. Mwanawe alikuwa jangwani kweli.

Nyumbani, Bi Hajati Badia, mama yake Nimr, aliingia jikoni, akalikagua sikio juu hadi chini, kisha akaagiza liwekewe kahawa. Kwao ng'ambo, mjini Bint Jbeil, hata mtoza kodi alipewa kahawa kabla ya kufukuzwa.

"Amekuja bila kualikwa," alisema, "lakini keshaingia. Tusijiaibishe."

Basi Rihab akapigilia kirafu kidogo chini ya sikio, na kila asubuhi akaweka hapo kikombe chenye iliki. Mvuke ulipanda, sikio likatoa jasho. Siku za Ijumaa alilisafisha kwa vijiti vya pamba. Alilisalimia pia, maana hakuwa amezoea kukaa chumba kimoja na mtu bila kumjulia hali.

Ukarimu ule ndio uliomponza Ami Fawwaz. Alikuwa mdogo wake marehemu baba yake Nimr, mzee wa utani, na hakuweza kuona msikilizaji akamwacha bure. Jumapili moja wanawake walikuwa wakiviringisha majani ya mzabibu mezani, yeye akavuta kiti mpaka ukutani, akaliambia sikio kichekesho chake cha siku zote, cha mtu wa kijijini kwao aliyemuuzia jenerali punda kiziwi. Alikieleza vizuri kuliko kawaida, kwa sauti zote, ya jenerali na ya punda. Wanawake walicheka mpaka wali wa kujazia ukamwagika. Sikio liliwaka jekundu hadi kwenye ncha.

Maafisa walikuja kumchukua Ami Fawwaz alfajiri moja ya juma lile. Hakuelezwa kosa. Ushahidi ulikuwa wa siri, hata wakili wake hakuonyeshwa. Wakili huyo aliitwa Bi Lindholm, mama mrefu mwenye buti za theluji, aliyekwisha kuzeeka katika kesi za namna hiyo. Aliandika barua majira yote ya baridi. Masika yalipoanza Ami Fawwaz alirudishwa, bila mashtaka, bila samahani, na mkanda wake ndani ya mfuko wa plastiki.

Alikuwa amekonda, lakini mzima. Jumapili alikaa mezani, wakamwomba kichekesho ili mambo yarudi kama zamani.

"Mtu mmoja wa kijijini kwetu," akaanza, "alimuuzia jenerali punda kiziwi. Siku ya pili jenerali akarudi amefura kwa hasira, akamwambia..."

Maneno yakaishia hapo. Alifungua viganja vyake.

"Akamwambia nini, ami?" Rihab akauliza.

"Mwisho umebaki kwao. Ni ushahidi."

Wakajaribu kingine, cha bibi harusi na daktari wa meno, nacho kikaishia katikati. Vyote vilikuwa hivyo. Bi Lindholm aliandika kudai miisho irudishwe. Akajibiwa kwamba, kwa sababu za usalama, serikali haiwezi kuthibitisha wala kukanusha kuwa miisho hiyo ipo.

Tangu hapo jikoni pakawa kimya. Kuviringisha majani ya mzabibu ni kazi ya mdomo kama ilivyo kazi ya vidole, lakini sasa wanawake walikaa na kuviringisha kama watu wanaosubiri maiti itoke hospitalini. Majani yalikuwa yakifunguka yenyewe ndani ya sufuria. Chumvi iliombwa kwa ishara. Mara moja Rihab alisahau akasema, "Nipe chumvi," na Nimr akanong'ona haraka, "Sema chumvi ya kula."

Kitu pekee kilichosemwa kwa sauti mle jikoni kilikuwa mazoezi ya Bi Lindholm. Alikuja kila baada ya majuma machache, akavua buti, akakaa mezani na kujifanya afisa. Aligonga meza. "Ndugu wa mume wako wanaishi wapi?"

"Sisemi bila wakili wangu," akajibu Rihab.

"Vizuri. Bi Hajati, nani hulala nyumba hii?"

"Sisemi bila wakili wangu," akanong'ona Hajati Badia.

"Kwa sauti, bibi. Hilo ndilo neno moja unaloruhusiwa kulipigia kelele."

"Na afisa mwenyewe akija ana njaa?"

"Mpe chakula. Mdomo wake ndio ushughulike, si wako."

Walirudia mpaka Bi Lindholm akaridhika, kisha wakampa sahani ya kwenda nayo. Chini ya meza Tala, binti wa Rihab, alikuwa akicheza na mifuniko ya sufuria.

Tala alizaliwa mwaka ule ule sikio lilipochipua. Sasa alikuwa anakaribia miaka mitatu, na hakuwa amesema neno hata moja. Masikio yake yalikuwa mazima. Alitaka maji, akaonyesha bomba. Alitaka mama, akavuta sketi. Usiku Rihab aliweka uso wake karibu na uso wa mtoto, akasubiri, na mtoto akamtazama kwa adabu, kama mgeni asiyejua lugha ya wenyeji wake. Kulikuwa na shule ya watoto wadogo mwezi wa tisa. Mwalimu alikuwa amesema asiyeongea hupelekwa kwingine.

Daktari alimpima, akavua glavu. "Nyumbani mnaongea naye?"

Rihab na Nimr walitazamana.

"Kiasi," akasema Nimr.

"Ongezeni. Mtajieni vitu majina. Semeni naye upuuzi, gombaneni mbele yake, pigeni soga. Mtoto hawezi kuokota maneno mahali ambapo hakuna aliyeyadondosha."

Ndani ya gari Nimr alikaa bila kuwasha injini. "Tuongee naye bafuni," akasema mwishowe.

"Bafuni kuna nini? Utamfundisha sabuni."

"Basi humu garini."

Rihab akaelekeza kidevu kwenye kioo cha juu. Nyuma yake, kwenye kitambaa cha paa, sikio moja dogo lilikuwa limeanza, jeupe kama uyoga. Nimr akawasha injini.

Sheria yenyewe ilikuwa na tarehe ya kufa. Kila baada ya miaka kadhaa lazima Bunge kule Washington liiongezee maisha, na mwaka ule zamu ilifika kabla ya sikukuu za Desemba. Kadiri tarehe ilivyokaribia, sikio lilikauka. Lilijikunja pembeni kama jani la mzabibu lililosahauliwa nje ya chupa. Hajati Badia alilipaka mafuta ya zeituni kwa huruma, halikunywa. Watu walianza kusemezana mitaani. Kwenye duka la dawa, walisema, lao lilikuwa limedondoka, likafagiliwa.

Siku ya kura familia nzima ilikaa mbele ya televisheni. Mbunge mmoja alisema taifa lisilo salama halina uhuru wa kulinda. Mwingine akasema taifa lisilo huru halina kitu cha kulinda. Wote wawili walisema vizuri, na wote walitaja mizani. Ami Fawwaz alikuwa amekaa ukingoni mwa kochi, midomo ikicheza.

"Naona kama mwisho unakuja," alisema. "Jenerali anamwambia... anamwambia..."

Jioni wabunge walipiga kura. Haikuchukua muda, walikuwa na ndege za kuwahi. Sheria iliongezewa maisha, na vipengele vingine vikafanywa vya kudumu.

"Umepita," akasema Ami Fawwaz, akaegemea.

Asubuhi sikio lilikuwa limenona, la waridi, na jipya kwenye kingo. Hajati Badia aliweka kahawa kwenye kirafu.

Rihab alisimama akilitazama na vyombo vikimsubiri kwenye sinki. Hakuwa na hasira. Hasira ilikuwa imechoka kabla yake. Alimnyanyua Tala, akamkalisha juu ya meza, akachukua kitu cha kwanza kilichokuwa karibu.

"Hii ni biringanya," akasema, kwa sauti ya kawaida, na sauti ya kawaida ikasikika kama tarumbeta. "Hii ni kotmiri. Hiki ni kijiko. Ile ni theluji, ya bure, haina faida. Yule kwenye picha ni babu yako, alikuwa mkaidi. Shangazi yako Siham kaolewa na mtu anayekoroma mpaka vioo vinatikisika."

Nimr alitokea mlangoni na pajama. "Rihab! Kuna sikio."

"Baba Tala, najua kuna sikio. Nani hulisafisha?"

"Watamchukua mtu."

"Walimchukua mtu kwa kucheka. Tukinyamaza watatuchukua kwa kunyamaza. Mtoto wangu hatakuwa kabati lisilosema."

Nimr alichungulia dirishani. Kisha akaja, akachukua kitunguu, akamwonyesha binti yake. "Kitunguu," akasema.

Rihab aliongea majira yote ya baridi. Aliongea akipika, akideki, akiwa na mafua. Sauti ilimkauka. Sikio lilikua, likainama mbele kutoka ukutani ili lisipitwe. Aliita wanawake warudi Jumapili, wakaja, kwanza wakisema habari za hewa, halafu za watu. Majani yakaacha kufunguka sufuriani. Tala alikaa katikati yao, akitazama midomo, asiseme kitu.

Wadad naye alikuja. Aliviringisha muda mrefu huku wengine wakizungumza.

"Mwanangu akipiga simu," akasema, bila kuinua macho, "nasikia pumzi ya tatu. Namwambia, wewe mwenye kupumua, huyu yuko vitani kwa ajili yako, tuachie dakika moja. Haondoki."

"Labda hana ruhusa," akasema Hajati Badia.

"Labda."

Wakaendelea na majani.

Mwezi wa tatu Bi Lindholm alifika bila miadi. Kuna watu walikuwa wakiuliza habari za Nimr kiwandani, alisema, na heri wafanye mazoezi. Akavua buti. Wakakaa mezani, Ami Fawwaz, Hajati, Nimr na mikono yake mapajani, Rihab na Tala aliyekaa juu ya meza karibu na bakuli. Bi Lindholm aligonga mbao.

"Mumeo huzungumza nini na watu wanaokuja hapa?"

Rihab alikuwa amefungua mdomo.

"Sisemi bila wakili wangu."

Sauti ilikuwa safi, bila kigugumizi, kila neno mahali pake. Ilitoka juu ya meza. Tala alikuwa amekaa wima, mikono imekunjwa kifuani.

Hajati Badia alipiga kigelegele. Nimr alifunika uso. Ami Fawwaz alicheka, kwa mara ya kwanza tangu arudi, kicheko chenye mwisho. Bi Lindholm alivua miwani, akaanza kuifuta kwa pindo la sweta, akaendelea kuifuta ilipokwisha kuwa safi.

Rihab alimshika mtoto mashavu. "Mama yangu wee. Sema tena."

"Sisemi bila wakili wangu."

"Na huyu nani? Sema baba."

"Sisemi bila wakili wangu."

"Sema Tala. Jina lako nani, roho yangu?"

Mtoto alimwangalia mama yake, akageuka akaliangalia sikio lililoinama ukutani, kisha akamwangalia mama tena. Akabana midomo.

Kicheko cha Ami Fawwaz kikakoma. Bi Lindholm alivaa miwani yake, akasema kwa utaratibu kwamba kisheria jibu lilikuwa kamilifu.

Kahawa ilikuwa imechemka. Rihab alimimina, akampa wakili, akampa mamamkwe, akajaza kikombe cha kwenye kirafu. Kisha akafungua friji, akatoa biringanya nyingine, akakaa mbele ya binti yake.

"Haya," akasema, kwa sauti ya kuwatosha wote wawili, mtoto na sikio. "Tuanze upya. Hii ni biringanya."