Besi ya Kasongo Wilondja

…Regina Gwimo mbele ya kwaya, na kijiti chake cha mwanzi, Feliksi kwenye gitaa la solo, Hamdani Feruzi wa Ujiji juu ya ndoo iliyopinduliwa, akilinda betri yake ya gari inayowasha spika, kwa sababu, alivyosema, betri ya mtu haiachwi peke yake hata kanisani, wanawake saba wamesimama upande wa dirisha, na Leodgar Ruhinda aliwajua wote saba kwa majina yao mawili mawili, lakini leo macho yake yalikuwa kwa mmoja tu, Elida Asukulu, wa tatu kutoka ukutani, mke wa Kasongo, na sasa, tangu ubeti wa pili, Yakobo Mlondani, baharia wa boti la Baraka, ng'ambo ya ziwa, ameingia akakaa kwenye benchi la mlangoni, kofia mkononi, basi, hao ndio waliokuwepo, na yeye mwenyewe, Leodgar, karani mstaafu wa gati, miaka sitini na saba, ameketi kitini na besi isiyo yake mapajani, do, fa, so, fa, kidole cha tatu, kidole cha kwanza, usimtazame Yakobo, tazama mkono… Yakobo hakuwa mtu wa kukaa kimya, kila aliposhuka Kibirizi alikuwa na la kuomba, sigara, chai, kiberiti, mahali pa kujilaza, na leo Regina alipomwonyesha mtungi wa maji pale pembeni alikataa kwa kiganja, wala hakumsalimu Elida ambaye ni shemeji yake, na kila mtu wa ufuko huu, Muha au Mbembe, anajua kwamba aliyebeba habari ya msiba hanywi maji ya watu kabla hajaisema, lakini pengine hana kiu, pengine amekunywa njiani, ziwa zima lile, do, fa, so, fa, pengine amekuja na habari nyingine kabisa, Kasongo anavuka Jumatatu, Kasongo anaulizia gitaa lake, na Leodgar alijichungulia ndani aone ni habari ipi anayoiogopa zaidi, akakuta kimya, kama fizi iliyochomwa sindano ya ganzi, unaigusa kwa ulimi unakuta ipo lakini si yako… na msiba hauambiwi mtu aliyesimama, hilo nalo linajulikana, anakalishwa kwanza, mwanamke mmoja huku na mmoja huku, kwa hiyo maadamu wimbo unaendelea wanawake wamesimama, na maadamu wamesimama Yakobo atabaki na neno lake kwenye kofia, na wimbo hufungwa na besi, Regina aliwazoeza hivyo tangu Machi, besi ikishuka ile ngazi ya mwisho, fa, mi, re, do, wote wanashuka nayo, isiposhuka wanarudi kwenye kiitikio, na Leodgar hajashuka, hii ni mara ya nne, Feliksi amegeuka kumtazama huku anacheka kwa macho, anadhani mzee kapotea njia, acha adhani… Novemba 1996 ilikuwa, mwezi ule ziwa lilipoleta watu mchana na usiku, Kasongo Wilondja akashuka na mke na gitaa la besi limefungwa kwenye shuka, hakuna sufuria, hakuna godoro, na Honorata, mke wake Leodgar, akauliza kwa Kiha ni mtu gani huyu anayekimbia vita na ubao, halafu akawapa chumba cha uani na kuwapelekea uji, na alasiri Kasongo alikaa barazani, mgongo kwenye nguzo, akipiga bila spika, sauti yenyewe kama nyuki ndani ya kopo, na Leodgar kwenye kiti mbele yake na gazeti la mwezi uliopita, hasomi, anatazama vidole, mwaka mzima na zaidi anatazama vidole, wala hakuomba kufundishwa, angeombaje, mtu aliyekariri do re mi kwa Padre Anselmi mwaka 1943 na kuchapwa kwa kila nusu sauti aliyoikosea, amwambie kijana wa miaka thelathini nifundishe, neno lilifika kooni mara nyingi likarudi… na Januari mwaka huu Kasongo akavuka kumtafuta baba yake huko Baraka, wiki mbili tu, alisema, akaliegemeza gitaa kwenye kabati la vyombo, akasema, "Papa, nikuachie hili, ila nyuzi usiziguse, nimezikaza kwa sikio langu," na Leodgar akajibu kwamba hataziguza, akasema vibaya hivyo hivyo, hataziguza, kwa aibu ya mtu anayejua anadanganya, na siku ya tatu aliziguza, akabandika vipande vya plasta kwenye shingo ya gitaa na kuandika d, r, m kwa kalamu ya wino, vidole vikatoka malengelenge, vikapasuka, Honorata akavipaka mawese bila kuuliza neno, do, fa, so, fa, Feliksi ndiye aliyegundua, siku ya kwanza kabisa ya mazoezi, alimwamkia kwa adabu kisha akasema, "Mzee, wewe ni mashoto?" naye akajibu hapana, anakula kwa mkono wa kulia, anaandika kwa kulia, anafanya ishara ya msalaba kwa kulia, na Feliksi akamwonyesha kwamba ameshika besi upande sio, uzi mnene uko chini, mwembamba juu, kila kitu kimepinduka, na hapo ndipo ilipomjia kwamba alikuwa amekaa mbele ya Kasongo, uso kwa uso, na mkono wa Kasongo ulipokuwa upande huu naye aliuweka wake upande huu huu, kama mtu anayenyoa ndevu kwenye kioo, na Hamdani akacheka mpaka akashika ndoo, akasema huyu mzee amejifunza kumwiga mtu kwa nyuma yake, na kugeuza ilikuwa haiwezekani tena, vidole vilikwisha kujua njia yao… Regina sasa ameinua kijiti, anamwashiria afunge, Leodgar akatazama plasta, d, f, s, na Hamdani ameondoka kwenye ndoo, kaenda mlangoni, ameinama kwa Yakobo, midomo ya Yakobo inacheza, usitazame… na mwezi wa nne boti la Baraka lilipofika bila barua Elida alikaa kwenye kizingiti cha uani, hakulia, alikuwa akichambua mchele uliokwisha chambuliwa, na yeye Leodgar akaingia chumbani, akarudisha mlango, akashika besi, akajisikia furaha, ndogo, safi kabisa, kama karani aliyeambiwa meli haiji leo, hakuna mtu aliyeiona furaha ile, Honorata mwenyewe hakuiona, lakini ilikuwepo, tarehe kumi na nane Aprili, Jumamosi, na akienda kuungama ataisemaje, amemwombea mtu nini hasa, hakumwombea baya, alimwombea achelewe tu, kuchelewa si baya, do, fa, so, fa, mara ya tano, na sasa zamu ya Elida kuongoza, anasogea mbele kama anavyosogea siku zote, sauti yake ile kavu isiyotetemeka, lakini haikwenda kwenye ubeti wa mwisho, ilirudi kwenye wa kwanza, Regina akashusha kijiti, hajui nani amemwasi, wanawake sita wakamfuata Elida kwa mazoea, naye akafika karibu na kiti, akaacha wengine waitikie, na chini ya kiitikio kile, bila kumgeukia, akasema, "Usifunge, Papa. Nikikaa tu, ataniambia." …kwa hiyo amemwona, alimwona Yakobo kabla yake, aliona maji yakikataliwa, na tangu ubeti wa pili anadhani huyu mzee anamshikia wimbo yeye, anamshukuru, na haikuwa hivyo, alikuwa anajishikia mwenyewe, hakutaka kujua kama besi ni yake au si yake, hilo tu, mtu mzima wa miaka yangu, alijiambia, miaka yake, na vidole vikaenda vile vile, noti zile zile nne, havikuharakisha wala kulegea, ila sasa alikuwa anampigia Elida, na akajikuta anataka Kasongo aingie kwenye mlango ule sasa hivi, na matope ya Baraka miguuni, amkemee mbele za watu, amnyang'anye gitaa, azing'oe plasta moja moja, aligeuze upande wake, alitaka hivyo kwa nguvu iliyomshangaza, ganzi haikutoka lakini ilikuwa na kitu chini yake, na Hamdani amerudi, hakukaa kwenye ndoo, amesimama nyuma ya kiti chake, bila utani, anadhani mzee hajui, anataka afunge watu wakae, mkono wake ukamshika bega la kushoto, do, fa, so, fa, Elida anaimba, wanawake wamesimama, Yakobo yuko kwenye benchi na kofia yake, na Hamdani akainama akamwambia sikioni kwamba Kasongo Wilondja amekufa kwa homa, huko Baraka, Jumanne.