Shuka la Ganza

Mtaa mzima wa Gitega ulijua kwamba ukitaka sufuria ya kupikia watu wengi, unakwenda kwa Raihana. Ukiwa na harusi ulikwenda mwenyewe kuziomba. Ukiwa na msiba hukuwa na haja ya kwenda. Sufuria zilikufuata hadi mlangoni, na nyuma yake mikeka, masinia na madumu ya maji. Vyote hivyo vilitoka kwenye chumba kimoja cha nyuma ambamo Raihana alilala, kitanda chake kikiwa kimebanwa na mafurushi ya vipande vya vitambaa vilivyobaki tangu enzi za marehemu mumewe, fundi cherehani kama alivyo leo mwanawe Nasiri. Kuingia humo ilikupasa ugeuke ubavu.

Humo humo ndimo alimolala mjukuu wake Ganza, na taabu ilianzia hapo. Mtoto alikuwa na kifua. Hajatimiza mwaka na tayari pumzi yake ilipiga mluzi, mbavu zikibonyea kila anapovuta hewa, midomo ikibadilika rangi. Mama yake, Ariane, alikuwa amezoea kumbeba mbio hadi kituo cha afya huku akimwomba Bikira Maria kwa sauti, na watu wakimpisha njiani bila kuuliza. Muuguzi alimwambia neno lilelile kila mara: vumbi. Toeni vitu anapolala huyu mtoto, siku moja mtachelewa kumleta.

Ariane alilelewa Bujumbura, katika nyumba ya Kikatoliki, akaolewa na Nasiri bila kubadili dini. Majirani walipoanza kunong'ona, Raihana aliwanyamazisha mwenyewe pale bombani. "Huyu mke wa mwanangu anaomba Mungu kila asubuhi," aliwaambia. "Nyinyi mnaomba saa ngapi?" Tangu siku hiyo Ariane alimpenda mama mkwe wake kwelikweli, tusije tukamsingizia. Lakini kumpenda mtu si lazima uyapende na mafurushi yake.

Kila asubuhi alikwenda Nyarutarama kufanya usafi kwa mama mmoja aitwaye Winifred, aliyekulia Kampala, na ambaye sebule yake pana ilikuwa na kiti kirefu kimoja, meza moja na ua moja kwenye chupa. Kazi ya kupangusa humo iliisha kabla kitambaa hakijachafuka. Winifred alipenda kueleza. "Kitu yenye hutumii, toa," alisema siku moja akiwa amekunja miguu juu ya kile kiti. "Vitu vinakula hewa. Mimi nilitoa vyote, sasa ninaona kitu ya maana." Ariane alilishika lile neno hewa, akaondoka nalo hadi nyumbani kama mtu aliyepewa dawa.

"Mama," alimwambia Raihana jioni ileile, akiinama kidogo kama adabu inavyotaka, "muuguzi anasema ni mavumbi. Hii vitu yote iko inamaliza mtoto pumzi."

Raihana alizitazama sufuria zake. "Hii si yangu peke yangu, mwanangu. Iko ya watu."

"Watu watapata zingine, mama. Ganza iko mmoja tu."

Raihana alimtazama mtoto mgongoni kwa mama yake, akasema, "Yego, sawa. Toa."

Basi vikatoka. Sufuria na masinia vilichukuliwa na mtu mmoja wa Remera anayekodisha vyombo vya sherehe. Mikeka ikaenda, mafurushi yakaenda, hata koti la marehemu likaenda kwa mlinzi wa Nyarutarama aliyekuwa akitetemeka alfajiri. Kila kitu kilipopita mlangoni Raihana alikigusa kwa kiganja na kusema kilikotoka: hii alininunulia baba Nasiri alipokwenda Kigoma, hii tulipikia watu mwaka ule wa njaa. Ariane aliitikia huku anabeba. Nasiri alipoulizwa alisema hayo ni mambo ya wanawake, akaendelea kukanyaga cherehani yake. Huyo ndiye Nasiri. Alikuwa fundi hodari wa kutoona.

Likabaki sanduku la bati chini ya kitanda.

"Hilo liache," alisema Raihana. "Humo mna mambo yangu."

Ariane akaliacha, lakini likamkaa moyoni kama mwiba wa samaki kooni. Kisha Raihana akaenda Rwamagana kumwona mdogo wake, na akiwa huko Ganza akabanwa vibaya kuliko siku zote. Ariane alirudi kutoka kituo cha afya, akamlaza mtoto juu ya blanketi lake la manyoya, akaona vumbi linapaa kwenye mwanga wa dirisha. Hasira ikampanda. Alilivuta sanduku, akalifungua.

Ndani mlikuwa na chupa ndogo ya maji, kipande cha ubani ndani ya karatasi, na kitambaa cheupe, kirefu, kipya kabisa, kisichopindwa popote.

Mwislamu yeyote wa mtaa ule, hata yule wa kuswali Idi hadi Idi, angelifunga lile sanduku papo hapo. Ile ilikuwa sanda. Marehemu mumewe Raihana alizileta mbili kutoka Makka, amezichovya kwenye maji ya Zamzam. Moja alizikwa nayo, na hii ilikuwa ya mkewe. Lakini nani angemwambia Ariane? Sanda haitajwi-tajwi mbele ya mtoto mchanga. Na kwao marehemu alivalishwa nguo yake nzuri ya kanisani, akalazwa kwenye jeneza. Yeye aliona kitambaa safi kinachooza gizani ilhali mwanawe analala juu ya vumbi. Nasiri alipotoka kwenda msikitini, Ariane alikaa kwenye cherehani. Alikuwa amejifunza kwa kuangalia, na alishona polepole, akapinda kingo zote kwa pindo jembamba lililonyooka, na kipande kilichobaki akakifanya foronya.

Raihana aliporudi alimkuta Ganza amelala juu ya kile kitambaa. Alisimama pale mlangoni na kijifuko chake cha safari.

"Umeishona wewe?" aliuliza.

"Ndiyo, mama. Nimepinda kote. Iko nyororo, na haina vumbi. Tazama, hata mluzi hakuna."

Kweli hapakuwa na mluzi. Raihana alipiga magoti, akalipapasa lile pindo kutoka pembe hadi pembe, polepole, na Ariane akadhani anaikagua kazi yake. "Umepinda vizuri," alisema. Akalirudisha sanduku chini ya kitanda, akalifunga, na ufunguo akaufunga kwenye pembe ya mtandio wake.

Kisha akakitazama chumba. Kilikuwa kitupu sasa, sakafu imepigwa deki, dirisha wazi. "Kilichobaki ni mimi na blanketi zangu," alisema akicheka. Jioni ile alimwambia Nasiri amhamishie kitanda chumba cha mbele, pembeni ya cherehani, mtoto apate hewa yote. Ariane alikataa mara moja. Mara moja ni adabu, siyo kukataa.

Mvua za masika zilikuwa zimeanza. Maji yaliingia chini ya mlango wa mbele, saruji ikabaki na unyevu siku nzima, na manyoya ya vitambaa yakaruka juu ya kitanda cha mama mzee kila Nasiri alipokata nguo. Raihana akaanza kukohoa. Akiulizwa, alisema ni baridi tu, itapita. Ariane alimpelekea chai ya tangawizi, akamsugua mgongo, na kila akirudi kule nyuma alimkuta Ganza anapumua kama mtoto wa mtu mwingine, kimya, mashavu yamejaa. Aliogopa kukigusa kile kimya. Mungu amsamehe, alikuwa na pumzi mbili mikononi na akaichagua moja bila kusema kwamba anachagua.

Siku moja Winifred alimtuma gereji kuleta mwavuli. Ariane alikuwa hajawahi kuingia humo. Alifungua mlango akakuta makochi yamebebana hadi darini, mazulia yaliyokunjwa, makasha ya sahani, televisheni mbili, kitanda cha mtoto ambacho hakijawahi kulaliwa.

"Hivyo viko vinapumzika tu," alisema Winifred nyuma yake, bila haya hata kidogo.

Ariane aliteremka Nyarutarama siku hiyo na kichwa kinauma. Kumbe mwenzake alikuwa na pa kuuficha wingi wake, na yeye alikuwa ameacha mbachao kwa msala upitao. Aliapa kwamba kitanda cha mama kitarudi nyuma, na daktari ataitwa, na kama ni kubanana watabanana. Alipofika, Ganza alikuwa amelala, mdomo umefungwa, hasikiki. Akasema, nitakirudisha Jumapili, nikiwa na siku nzima.

Raihana hakufika Jumapili. Ijumaa asubuhi Nasiri aliamka kufungua cherehani akamkuta amegeukia ukuta, amepoa.

Mukashema, ambaye ndiye anayeosha maiti za wanawake mtaani hapo, alikuja na kifurushi kwapani. Nasiri alikiona.

"Hiyo ni nini?"

"Bafta ya sanda."

"Ya nini? Mama iko na sanda yake, ya Makka, iko ndani ya sanduku." Akaufungua ufunguo kutoka kwenye mtandio wa mamake, akalivuta sanduku mbele ya wanawake wote. Mlikuwa na chupa ya maji na ubani.

Ariane alikuwa amesimama mlangoni na mtoto kifuani. "Ni nyeupe?" aliuliza. "Ni ndefu? Haikuwa na pindo?" Hakungoja jibu. Alimweka Ganza kwenye mikono ya jirani, akakimbilia chumba cha nyuma, akarudi na shuka na foronya na wembe wa mumewe, akaketi chini sakafuni. "Ninafumua," alisema. "Ninafumua sasa hivi. Nitaifua, itakuwa kama ilivyokuwa. Mana yanjye, Mungu wangu, ningojeni kidogo."

Mukashema alimshika mkono wenye wembe.

"Acha, mwanangu. Alikuja kwangu mwenyewe. Akaniambia, nikifa ninunulieni bafta ya dukani, ile yangu imepata mwenyewe. Msije mkamwamsha mtoto." "Akaniapisha nisikwambie. Sasa mimi nimevunja kiapo."

Nasiri alimtazama mkewe, akaitazama cherehani yake, akakaa juu ya sanduku la bati na kulia kama mtoto.

Wakamvika Raihana bafta ya dukani, wakampeleka kabla ya alasiri. Watu walikuwa wengi, Gitega yote iliyowahi kula kwenye sufuria zake, na nyumbani hapakuwa na hata mkeka wa kuwakalisha. Ikabidi vyombo vikakodishwe Remera. Vilishushwa mlangoni, na chini ya kila sufuria jina la Raihana lilikuwa bado limechorwa kwa msumari. Ariane ndiye aliyezisugua, moja baada ya nyingine, na jioni gari likaja kuzichukua.

Ganza anatembea sasa. Kifua kimetulia, na chumba cha nyuma bado hakina kitu ila yeye. Mtaani hakuna aliyemlaumu Ariane, na afadhali wangemlaumu. Kila Jumamosi analifua lile shuka kwa mkono na kulianika yeye mwenyewe, halafu analipapasa pembe hadi pembe. Halijafumuka hata uzi mmoja.