Njia ya Chooni katika Jumba la Barafu

Kitendawili! Mtoto wa maji, mgumu kama jiwe, ukimkumbatia analia mpaka anakwisha.

Ni barafu. Na jumba la barafu liliingia nyumbani kwangu Jumapili moja mchana, likiwa la kadibodi, limebebwa kwa mikono miwili kama keki. Aliyelibeba ni mjukuu wangu, msanifu majengo, ambaye tangu azaliwe namwita mke mwenzangu. Kamati ya mji ilikuwa imeshamrudishia michoro mara mbili: kwanza jengo lilikuwa kubwa mno, kisha mabomba yalikuwa mengi mno. Kesho yake saa nne ilikuwa mara ya tatu, na wakikataa tena, kazi inapewa ofisi nyingine.

"Bibi, litazame," akasema, akisogeza bakuli la sukari ili jumba lipate nafasi mezani. "Linapendeza?"

Lilipendeza, si uongo. Katikati uwanja wa kuteleza, mweupe pe. Kando yake viti vya watazamaji, ukumbi wa mazoezi, chumba cha kuvalia viatu. Na karibu na mlango, ngazi ya duara iliyopanda kama ganda la konokono mpaka kwenye roshani. Ngazi hiyo alianza kuichora akiwa bado mwanafunzi.

Mimi nimesafisha bwawa la kuogelea la umma miaka ishirini na sita. Jengo silitazami kwa macho, nalitazama kwa miguu. Nikaingiza vidole viwili mlangoni, vikatembea. Vikavaa viatu, vikaingia barafuni, vikazunguka.

"Haya, mke mwenzangu. Sasa nimebanwa na mkojo."

"Bibi!"

"Bibi nini? Kwa baridi hiyo, nani hatabanwa? Choo kiko wapi?"

Akanionyesha. Alikuwa amekihamishia ng'ambo ya ukumbi wa kuingilia: uvuke vigae, upande vidaraja vitatu, ndipo ufike. Huko kilitumia bomba moja na choo cha ukumbi wa mazoezi. Ndivyo alivyopunguza mabomba.

"Watavua viatu kwanza," akasema.

Baba yake, mwanangu, fundi bomba, alikuwa kwenye kochi na gazeti lake. "Kwa kamba ndefu zile? Mtoto wa miaka sita atakuwa ameshamaliza haja kabla hujafungua fundo la pili."

"Baba, hujaulizwa."

"Sijaulizwa, lakini mkizibiwa mtanipigia simu mimi."

Mkobani mjukuu wangu alikuwa na jozi ya viatu vya kuteleza, vyenye wembe wa chuma chini ya soli, aliyopewa na muuzaji aionyeshe kamati. Nikamwambia avivae. Akavivaa, akakaza kamba, akasimama mrefu kama mlingoti.

"Nenda chooni kwangu. Ukifika, piga hodi."

Kwenye zulia alikwenda vizuri. Alipokanyaga kigae cha kwanza, chuma kikalia kriii, mguu ukashika njia yake, naye yake. Akadaka pazia, wakashuka wote wawili.

"Umefika?" baba yake akauliza, gazeti bado usoni.

Mjukuu wangu hakucheka. Alikaa pale chini, pazia begani, akipapasa mchubuko mweupe kwenye kigae changu. "Nimetandika zulia la mpira kutoka chumba cha viatu mpaka barafuni tu," akasema. "Njia ya chooni nimeisahau."

Hapo mwanangu akaliweka gazeti, akaja mezani. "Bomba kuu la maji machafu linatokea hapa, sivyo? Basi weka choo hapa, ubavuni mwa chumba cha viatu. Huongezi bomba hata hatua mbili."

"Hapo pana ngazi yangu."

"Naiona."

Mjukuu wangu akaipitishia ngazi kidole, kidaraja kwa kidaraja, mpaka juu. Kisha akasema, "Bibi, nipe kisu."

Akaikata mwenyewe. Mahali pake akachora choo, na ngazi ya kawaida, ya kunyooka, akaibana ukutani.

Jumatatu alirudi saa saba. Mwenyekiti wa kamati, mzee mmoja nadhifu, alikuwa amelalamika: ngazi ile nzuri ya mwanzo imekwenda wapi? Mjukuu wangu akamwekea vile viatu mezani, akamwomba avivae, aende msalani. Mzee akavitazama vyuma, akatazama vigae vya ofisi yake, akaomba kalamu atie sahihi.

Ngazi ya konokono alitaka kuitupa, nikamkatalia. Ipo juu ya kabati langu, nimepanga vidonge vya nyuzi kwenye vidaraja vyake. Pazia bado hajalitundika. Jumba likifunguliwa nitakwenda, na nitaanzia chooni.