Ufunguo wa Mlango Uliobomolewa

Mkono wa Barafu haujawahi kutetemeka. Alijisifia hivyo mtaa mzima mpaka wakampa jina hilo la Barafu. Hata siku katapila lilipokuja kusafisha njia ya barabara mpya, likakilalia kibanda chake cha kunyolea na kioo ndani, yeye alisimama kando, mikono kaikunja. "Mabati tu yale," akasema. "Ufunguo nimeshautupa mtaroni."

Basi Jumatano asubuhi, chumbani kwa Mwalimu mstaafu, wembe ukiwa hatua ya sisimizi kutoka kooni mwa mzee, mkono ukaanza kucheza kama wa mwenye homa. Ule mwingine ulikuwa umezama mfukoni mwa aproni, ncha ya kamba nyekundu ikining'inia nje.

Mkamwana wa mzee ndiye aliyeyazua. Alileta maji ya moto na habari njema: nyumba tatu nyingine zenye wagonjwa wa kitandani zilimtaka kila wiki, mradi amalize hapa bila kumkata mzee. "Unaona, kaka? Kumbe lile katapila lilikufanyia wema!" Akaondoka na ndoo yake, anaimba.

Wema!

"Barafu," Mwalimu aliita. Tangu apate kiharusi, maneno yalimtoka upande mmoja wa mdomo, lakini yalifika.

"Naam, Mwalimu."

"Umekuja kuninyoa au kunichinja?"

"Baridi tu, Mwalimu."

"Baridi! Mimi nusu mwili umelala na bado natoka jasho. Weka wembe chini."

Barafu akauweka kwenye sahani. Uligonga mara tatu kabla ya kutulia.

"Haya. Lilikufanyia wema?"

"Wema gani!" Ilimtoka kama maji ya bomba lililopasuka. "Miaka kumi na moja, Mwalimu! Kila msumari niliugongomea mimi. Kile kiti nilikivisha ngozi mimi. Hata taulo hawakuniacha nitoe! Halafu kila ninayekutana naye, oh, shukuru, shukuru. Nimshukuru nani? Dereva wa katapila?"

"Mimi wananiambia nishukuru mwili umelala upande wa kushoto tu," Mwalimu akasema. "Mmoja nilimrushia kikombe."

"Ukampata?"

"Nilimkosa. Bado inaniuma."

Barafu akacheka huku kafura. "Na kinachonichoma zaidi, kazi hii naitaka! Nyinyi wa kitandani hamsukumani, hamnigombezi, mtu akinyolewa anapata sura yake. Naipenda. Lakini nikisema naipenda, watasema si unaona!"

"Wewe ipende, na hasira zako kaa nazo. Nilichokukataza ni kunichinja tu. Chukua wembe, povu linakauka."

Akauchukua. Mkono haukutulia kama barafu, lakini ulitosha. Akapita shavuni, akazunguka kidevu, akashuka kooni taratibu, pumzi kaibana. Hakuna hata tone la damu. Nyumba tatu hizo, zimeingia kibindoni.

Na wembe ulipofutwa tu, mdomo ukarudi kazini. Akampa mzee kioo cha mkono, akajinyoosha mgongo. "Lakini kibanda chenyewe, Mwalimu, nimeshakisahau. Si nilikwambia? Ufunguo niliutupa mtaroni siku ileile."

Mwalimu alijitazama kidevu kulia, akajitazama kushoto. Kisha akakishusha kioo polepole, hadi kikaelekea mfuko wa aproni.

"Na huo wenye kamba nyekundu," akauliza, "unaousugua tangu uingie, unafungua wapi?"