Uzi Uliobaki Kwenye Shungi

Wanaume walikuwa wameshapotea nyuma ya mlima wa barafu, kila mtu na mtumbwi wake wa ngozi, wakiwawinda sili, wanyama wa baharini. Nyumba ikabaki ya wanawake: taa za mafuta zinawaka, chungu kinatokota, na Arnatsiaq, bingwa wa umbea, yuko katikati.

"Enhe, shoga, mke akamfanyaje?" Paniarsuk alimhimiza.

"Akavua kiatu..." Arnatsiaq akajikuna kichwa. Kidole kikagusa kitu kikavu ndani ya shungi la nywele. Akakivuta. Uzi wa kano. Umbea ukamkauka mdomoni.

Juzi walishona ngozi mpya ya mtumbwi wa Pualuk, mumewe, ikiwa bado mbichi, wote bega kwa bega. Kila mshonaji alipewa nyuzi mbili: wa kwanza wa mshono wa ndani, wa pili wa mshono wa juu, ule unaokataa maji. Hapo ndipo hadithi ya kiatu ilipoanzia. Arnatsiaq aliuchomeka wa pili kichwani ili kwanza amalize kucheka. Kisha wakapaka mafuta, yakafunika kila kitu.

"Huo wa nini?" mama mkwe wake, Ukuara, aliuliza.

"Wa juu, mama. Wa ubavuni, penye goti lake."

Wakatoka mbio hadi kwenye mwamba, wakaita mpaka sauti zikakwama. Upepo ulitoka baharini, ukawarudishia makelele yao. Chini, mashua kubwa ya kina mama ilikuwa mbavu tupu. Ngozi zake walizivua jana wenyewe, zikauke.

"Hata ingevaa ngozi," alisema Ukuara, "wale hatuwapati."

"Mshono mmoja utashika, mama?"

"Mpaka ngozi ilegee."

"Lini?"

"Kesho."

Nao wanaume waliaga kwa siku nne.

Arnatsiaq alingoja matusi. Hayakuja. "Sote tulicheka," Paniarsuk alinong'ona, na hilo likamchoma kuliko kofi.

Ukuara alimnyang'anya Arnatsiaq ule uzi, akaulowesha kwa mate yake, kisha akamtia mdomoni kama mtoto anayelishwa. "Usiuache ukauke. Akirudi, utashona."

Arnatsiaq akaketi pale mwambani, macho baharini, ukungu ukiteremka. Chakula kilipoiva wakamwita kwa jina, mara mbili, mara tatu. Hakuitika. Aliogopa kufungua kinywa.