Kiti cha Bundi

Kiongozi wetu wa safari, Ngari wa Ishiara, alikataa katakata kutuhesabu.

"Watu hawahesabiwi," alisema. "Kwetu hata mbuzi hatuhesabu, tunawajua kwa sura. Kila mtu aangalie jirani yake. Kama yuko, sema 'wangu yuko.' Kama hayuko, piga kelele."

Basi zima likaitikia, wangu yuko, wangu yuko, kiti kwa kiti. Zamu yangu ilipofika nilitazama koti na kofia vilivyokaa kwenye kiti cha dirishani, nikasema bila kupepesa macho, "Wangu yuko."

Koti na kofia vilikuwa vya Bundi, mume wangu, na Bundi tulimzika kwetu Muthara mwezi wa tatu. Miaka thelathini alifundisha jiografia, akichora ubaoni maji yanayochemka yenyewe na kuruka kutoka ardhini, akiwaambia watoto kwamba ukitumbukiza yai humo linaiva. Mwenyewe hakuwahi kuyaona hata siku moja. Alipostaafu akaapa kwamba tutakwenda Ziwa Bogoria, yaliko maji hayo. Tulikata nafasi mbili, kisha kifua kikambana, akatangulia. Watoto wetu walitaka nirudishe nafasi yake. Niliwaambia wafunge midomo. Mzee yule ataona maji yake, apende asipende.

Tulilala Nakuru, na asubuhi yake saa tatu tulikuwa ndani ya hifadhi. Makandi, mwanamke kijana anayeuza chapati kwa wanafunzi kule Nchiru, alitaka kuketi kando yangu apate dirisha.

"Kiti kina mwenyewe," nikamjibu, kwa sauti ile ninayofukuzia kuku. Akaenda zake mbele.

Ngari alituonyesha tandala wenye pembe zilizosokotwa, punda milia, na flamingo wengi hata ukingo wa ziwa ukawa mwekundu. Watu walishangaa wakigusana viwiko. Mimi sikuwa na kiwiko cha kugusa. Nilimsimulia Bundi kimoyomoyo, na aliponyamaza nikamkasirikia. Hata alipokuwa hai alikuwa na tabia hiyo.

Kwenye chemchemi palinuka mayai viza, mvuke umetanda. Ngari alitupa nusu saa, akatuonya tusivuke mstari wa mawe. Wenzangu walichemsha mayai yao kwenye maji yaliyotiririka nje ya mawe kutoka chemchemi ya kwanza, lakini hiyo iliruka kimo cha goti tu, na ubaoni kwa Bundi maji yalikuwa yakipita paa la darasa. Nikaufuata mstari wa mawe mpaka chemchemi ya mwisho, nikachemsha mayai yangu mawili. Maji yake yaliruka kimo cha kifua changu.

"Ona ulivyowadanganya watoto wa watu," nilimwambia. Nikacheka peke yangu. Kicheko kikageuka kilio, nikaketi mpaka kiishe.

Niliporudi, basi halikuwapo.

Hakuna aliyepiga kelele, na nani angepiga? Jirani yangu alikuwa koti. Mchimba kisima huingia mwenyewe, na kisima hiki nilikichimba kwa mikono yangu. Nilikula yai moja, la pili likanishinda. Siku ya mazishi watu walijaa mpaka wakakosa pa kuketi, wala sikuhisi upweke kama huu. Nikaona wazi kwamba hata ningetumbukia katika maji yale, hapangekuwa na mtu wa kusema, wangu hayuko.

Baada ya kama saa nzima basi lilirudi likitimua vumbi. Makandi akawa wa kwanza kuruka chini, kofia mkononi.

"Shosho! Bibi yangu! Basi iliingia shimo, hii kofia ikaanguka mpaka kwa miguu yangu. Naenda kuirudisha, napata viti zote mbili hakuna mtu!"

Ngari alikuwa nyuma yake, jasho linamtoka. "Pole sana, mama. Na mzee wako, uliyekuwa ukisema yuko, tulimwacha wapi? Anaitwa nani?"

"Bundi," nikasema. "Mwalimu Bundi."

Ngari akakimbilia kwenye mvuke. "Mwalimu! Mwalimu Bundi!" Dereva wetu, Mutembei, akashika upande wa ziwa, naye akaita.

Ningeweza kuwazuia, na sikuwazuia. Tangu mwezi wa tatu watu walikuwa wakilitaja jina lile kwa kunong'ona, marehemu hivi, marehemu vile. Hakuna aliyeliita kama jina la mtu anayeweza kuitika. Niliwaacha waite mara tatu, mara nne, nami Mungu anisamehe, nikatega sikio.

Kisha nikamwona Ngari akiinua mguu kuvuka mawe, kuelekea penye maji yanayotokota.

"Rudi!" nikapiga kelele. "Rudi, kijana! Wangu hayuko!" Nilikuwa sijawahi kulisema neno hilo. Nikalisema tena, polepole. "Wangu hayuko."

Ngari alirudi, akavua kofia yake.

Ndani ya basi nililipakata koti. Makandi alisimama kando yangu akisitasita, nikamwashiria kile kiti cha dirishani. Nikampa yai la pili, akalimenya.

"Kila mtu aangalie jirani yake," Ngari akasema.

Makandi alinitazama usoni, yai mkononi. "Wangu yuko," akasema.

Zamu yangu ikafika. Nilitazama dirisha, nikatazama kiti, nikamtazama yule aliyekikalia. Basi zima likaningoja, nami nikaushika mkono wa Makandi, ule usio na yai.